Matabisi ya Mukia wa Ndege

Jambo hili lote lilikula rubani mumoja, ndege moja ya mabawa mane, miti kumi na saba ya eukaliptusi ya parokia, na jina la mutu mumoja. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilisahau jina.

Mwenye jina lile nitamuita Fundi tu, kama tulivyomuita wote pale kiwanja cha ndege cha Butembo. Wakati ule kampuni moja ndogo, ambayo leo haina hata kibao, ilikuwa inapeleka mizigo yetu kwenye viwanja vya majani kule porini, nyuma ya Kasugho, ambako gari haifiki na mutu wa miguu anafika akiwa amekwisha kula nusu ya biashara yake. Fundi alikuwa anatunza ndege. Tena yeye ndiye aliyepima mizigo, kwa sababu alisema kupima ni sehemu ya moteri. Mimi nilikuwa muchuuzi wa makayabo, ile samaki ya chumvi, pamoja na sabuni na betri za tochi. Nilimujua miaka sita ya kazi, kisha miaka kumi na mbili ya kumukimbia.

Balanse yake, yaani mizani, ilikuwa ya chuma, ya rangi ya kijani iliyobambuka, na aliibeba mwenyewe asubuhi na mangaribi kama mama anayebeba mutoto wa homa. Kila gunia lilipimwa mara mbili: kwanza chini ya paa la mabati, kisha tena kwenye mulango wa ndege. Mara ya kwanza alipiga mustari mumoja wa chaki, mara ya pili mustari wa pili. Gunia lenye mustari mumoja, kwa macho yake, lilikuwa sawa na mutu aliyevaa kiatu kimoja.

“Fundi,” nilimuambia siku za kwanza, “ni saa mbili tu zimepita. Gunia limekula nini mpaka liongeze uzito?”

“Gunia halikulaka. Mwenye gunia njo anakulaka.”

Kweli, kati ya mustari wa kwanza na wa pili nilikuwa nimeingiza vipande sita vya sabuni. Alifungua gunia, akavitoa vyote sita, akavipanga kwenye majani kwa mustari mumoja muzuri, kisha akafunga gunia vizuri kuliko nilivyolifunga mimi. Hakunitukana. Alisema tu: “Hivi vitabaki kwangu mpaka safari ingine. Ni sita. Hesabu.” Nilihesabu. Safari iliyofuata alinirudishia sita. Tangu siku ile nilimuheshimu, maana mimi pia ni mutu wa kuhesabu mara mbili. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilihesabu ili nipate zaidi, na yeye alihesabu ili asipate.

Ugonjwa ule wa kupima aliubeba kila fasi alipokwenda. Kanisani kwetu kulikuwa na jukwaa la mbao pale juu, fasi ya kwaya. Sikukuu moja, wakati wanaume wa sauti ya chini walikuwa wamejaa upande mumoja, Fundi alisimama katikati ya ibada, akapanda ngazi polepole, akawaambia wale wanene wawili wasogee karibu na nguzo. Muchungaji alinyamaza. Kwaya ilinyamaza. Fundi alirudi kwenye kiti chake, akafungua kitabu cha nyimbo, akangoja watu waendelee, kama mutu aliyefunga tu dirisha sababu ya baridi.

Na kulikuwa jambo la matabisi. Msomaji wa mbali anaweza kuwa hajui: kwetu, bei ikishapatana, muuzaji anaongeza kidogo juu. Nyanya tatu, kikombe cha maharagwe, mukono wa chumvi. Ile ndiyo matabisi. Haihesabiwi, na utamu wake ni pale. Mimi ninaweza kupatana nusu saa juu ya bei ambayo ninajua itakuwa ngapi, kwa sababu tu ya kufika pale kwenye matabisi. Fundi hakutoa, na hakupokea. Nilimuona kwa macho yangu kwenye soko, mama mumoja wa nyanya anamuongezea tatu.

“Mama, hizi tatu haziko mu hesabu.”

“Papa, ni matabisi.”

“Njo maana. Haziko mu hesabu.”

“Basi unazarau nyanya zangu?”

“Nyanya ni muzuri, mama. Ni hesabu njo ilikuwa imekwisha.”

Mama yule alizirudisha kwenye meza moja moja, kila moja na sauti yake. Muke wa Fundi, siku za soko, alikuwa anatembea hatua makumi mawili mbele yake. Aliniambia mwenyewe: “Shemeji, mimi nimeolewa na balanse. Mais lakini niko na haki ya kununua mboga kwa amani.”

Ndege yenyewe ilikuwa ya Warusi, nzee kuliko wengi wetu, na kwa wageni ilikuwa kichekesho. Mabawa mawili juu, mawili chini, yameshikwa na nguzo na waya. Pua nene ya moteri. Na mwili umevikwa bati na kitambaa. Ndiyo, kitambaa. Mabawa yale yalikuwa yameshonwa kama shuka na kupakwa rangi ya kukaza. Mutu aliyeshuka kutoka ndege kubwa za Goma aliiangalia na kuuliza jumba la makumbusho liko wapi. Fundi hakukasirika. Alimuchukua mutu yule kwa mukono, akamupeleka mbele ya bawa la juu, akamuonyesha midomo.

Midomo ni neno lake. Mbele ya bawa la juu kulikuwa vipande virefu vyembamba, kama mudomo wa bata, vimelala juu ya bawa. “Hapa hakuna moteri,” alieleza, “hakuna kamba, hakuna mutu wa kuvuta. Ndege ikikimbia, upepo unaifunga. Ndege ikianza kuchoka, upepo wenyewe unaivuta inje, inafunguka, na bawa linapata pumuzi ingine. Ile wakati piloti anaogopa, midomo imekwisha kujua.” Kisha aliisukuma kwa kidole, ikaingia, akaachilia, ikatoka polepole, bila sauti. Nimemuona akifanya vile labda mara mia, na kila mara uso wake ulikuwa ule wa mutu anayefungua zawadi.

Alisema ndege ile, ukiikutanisha na upepo mukali wa kutosha, inaweza kusimama hewani kama mwewe, na hata kurudi nyuma. Sikuamini. Nilimuuliza kama inaweza pia kurudisha makayabo ambayo hayakuuzwa. Hakucheka. Alikuwa mutu wa kucheka mara moja kwa mwaka, na mwaka ule alikuwa amekwisha kucheka.

Lakini yeye mwenyewe hakupenda kupanda. Fundi wa ndege makumi tatu ya miaka, na alikuwa amepanda mara mbili tu. “Nikiwa ndani,” alisema, “ni nani atakuwa chini anaisikiliza?” Kila ikiruka alisimama mwisho wa pisti, ile njia ya kurukia, kichwa kimeinama upande, mupaka sauti iishe nyuma ya kilima. Kisha ndipo alikunywa chai yake, ikiwa imekwisha kupoa.

Kwenye simu yangu alitazama ndege za ajabu za dunia yote. Ile iliyoruka muchana na usiku kwa jua tu, mabawa yake marefu kama barabara. Ile ambayo muzungu mumoja aliivusha bahari kwa kupiga pedali. Alisema ile ni chukudu ya mbinguni. Ile nene, yenye tumbo la kumeza ndege ingine. Alisimamisha picha pale bawa linapoungana na mwili, akakaza macho, akakula megabaiti zangu zote bila aibu. Na siku hizi, ndege zisizo na mutu zikipita juu ya Beni na watu wote wakinyamaza kuzisikiliza, kuko mutu aliniletea neno la Fundi: “Ile haina piloti. Hakuna wa kuomba kitu.” Watu walicheka. Mimi nilielewa, na sikucheka.

Juu ya mukia alinifundisha kwa chukudu. Wote hapa wanajua chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali, ya kushusha viazi na makala kutoka vilima. Alisimamisha moja mbele yangu, akaweka gunia katikati: ikasimama. Akavuta gunia lile lile mpaka mwisho wa nyuma: gurudumu la mbele likainuka kutoka udongo, na usukani ukawa kitu cha bure.

“Kilo ni ile ile,” alisema. “Umeiona? Ni ile ile. Mais kilo ya mbele inakaa, kilo ya mukia inavuta. Ndege ikivutwa mukia, inainua pua, inainua, inainua, piloti anasukuma na mikono mbili, haisikie. Hata midomo haiwezi kusaidia.”

Nilisema nimeelewa. Ninaandika hapa ili ijulikane: nilikuwa nimeelewa kabisa.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua. Asubuhi ile binti wa Fundi alikuwa amezaa hospitalini, na habari ilifika kiwanjani saa ine: mapasa, wasichana wawili, wakati kila mutu alingoja mutoto mumoja. Fundi alicheka. Alicheka mbele ya watu, na meno yote, na balanse mukononi. Mimi nikaona mulango umefunguka, na mimi ni mutu wa kuona milango.

“Fundi,” nikamuambia, “miaka sita. Hata kilo moja ya matabisi haujanipa. Miye ni kliyenti ao niko ukuta?”

“Unataka nini?”

“Kartoni moja. Makayabo. Mungu mwenyewe leo amekupa mumoja wa hesabu na mumoja wa matabisi. Ulimurudisha?”

Aliangalia chini. Kisha akacheka tena, na ile ndiyo mara mbili kwa siku moja. “Moja,” alisema. “Weka mbele, nyuma ya kiti ya piloti.” Aliipima, kilo makumi mawili na tano, akapiga mustari mumoja wa chaki. Mumoja tu. Akaandika kwenye karatasi, akatia sahihi, akaazima pikipiki ya mulinzi na kwenda kuona wajukuu wake. Miaka yote ile, ni siku ya kwanza ndege iliruka bila yeye kusimama mwisho wa pisti.

Sasa sikilizeni makosa yangu, ni mawili. La kwanza: mbele kulikuwa kumejaa, kulikuwa lazima kuhamisha magunia matatu, na mimi nilikuwa nimevaa shati safi. Nilisukuma kartoni pale karibu na mulango, nyuma kabisa, kwenye mukia. La pili ni kubwa. Kazi yangu ni kupatana, na mutu akishinda patano ambalo hakuna aliyelishinda kwa miaka sita, hawezi kulimeza peke yake. Nilitembea kwenye mustari wa wachuuzi wenzangu, nikawaambia mumoja mumoja: “Fundi anatoa matabisi leo.”

Walikuwa kumi. Mubebaji wa mizigo alisikia vile vile, na yeye hakuwa na sababu ya kubisha, kwani mimi nilikuwa kweli nimepewa. Kila mutu aliongeza chake, na kila mutu alikisukuma pale mulangoni, kwani ni pale mulango ulikuwa. Hakuna aliyepima. Matabisi haipimwi.

Rubani alikuwa kijana wa Beni, mupole, aliyekuwa anapiga filimbi ndogo kila akikaza mukanda. Alikuwa peke yake mbele. Aliuliza tu: “Fundi ametia sahihi?” Nikamuonyesha karatasi. Mimi ndiye niliyemuonyesha.

Ndege iliinua pua kabla ya nusu ya pisti. Nilifikiri: leo ni nyepesi. Ikainua, ikainua, ikasimama hewani kama alivyosema Fundi kuhusu mwewe, kisha ikalala upande na kwenda ndani ya eukaliptusi. Sauti ya miti ilikuwa ndefu kuliko sauti ya ndege.

Samaki na sabuni viliungua, ao viliokotwa. Hakuna kilichobaki cha kupimwa. Watu wa bureau, ile ofisi ya serikali ya ndege, walikuja na kamera, wakauliza ni nani alikuwa na kazi ya kuhakikisha, na mubebaji wa mizigo alikuwa amekwisha kupanda gari ya kwenda Mabalako kwa mashamba ya mujomba wake. Karatasi ilionyesha uzito muzuri. Donc basi, kama uzito ni muzuri, mekanike ndiyo mubaya. Katika mutaa wakasema Fundi hakukaza buloni, zile nati za moteri. Wengine wakasema aliacha kazi sababu ya pombe ya mapasa, mutu ambaye hajawahi kuonja hata ya ndizi. Kampuni ilifunga. Na Fundi, aliyeweza kurudisha nyanya tatu sokoni mbele ya watu wote, hakurudisha hata neno moja kati ya yale. Aliyapokea yote.

Mimi nilianza kupita njia ingine.

Lakini Butembo haina njia nyingi, na habari zake zilinifikia. Kwamba alikuwa amenunua, kwa waliokuwa wanakata mabaki, kipande cha bawa la juu, urefu wa mutu na nusu, pamoja na midomo yake. Kwamba alikifunga kwenye chukudu kubwa ya kubebea mbao. Kwamba kila juma alipandisha chukudu ile kwenye kilima nyuma ya nyumba yake na kuiteremsha mbio, bawa mbele, yeye amesimama nyuma, kofia ya pikipiki kichwani, macho kwenye midomo, ili ahesabu ni wakati gani inafunguka. Mutu wa miaka zaidi ya makumi sita. Watu walisema Fundi anatengeneza ndege ya mbao ili akimbilie Uganda. Wamama walitoa watoto njiani. Mara mbili alivunja: meno mawili ya mbele, na ukuta wa choo cha jirani.

Nilisikia pia jambo ambalo sikuliamini mpaka motari mumoja, mutu wa kubeba abiria kwa pikipiki, aliponihakikishia. Kila mavuno, njia ikiwa salama, Fundi alituma gunia la maharagwe Beni, commune ya Ruwenzori, kwa mama wa rubani. Halikuwa na jina la mutumaji. Na halikuwa gunia la kawaida. “Lile gunia halifungikake, muzee,” motari aliniambia. “Anajazaka mpaka juu, anaongeza kilima, anashona na kitambaa ingine juu. Nikamuuliza ni kilo ngapi, akasema hajapima.”

Hajapima. Nilibaki na neno lile siku nyingi.

Juma hili ndipo nilimuona. Sikumutafuta, nilikuwa nimeenda kudai mabati kwa mutu wa mutaa ule, na yule mutu, kama kawaida, alikuwa amesafiri. Nilipogeuka, chukudu yenye bawa ilikuwa inashuka kilima. Ilisimama mbele yangu, kwa breki ya kiatu. Fundi alivua kofia. Amekonda. Fasi ya meno mawili inampa sura ya mutoto.

“Weye,” alisema. “Wabukire.”

“Wabukire, Fundi.”

“Umezeeka.”

“Wewe pia haujapunguka.”

“Nimepunguka kilo kenda,” alisema. “Nilipima. Kuya ndani.”

Muke wake alileta chai, akaniangalia, akasema: “Shemeji aliyepotea,” na akatoka. Kwenye ukuta kulikuwa picha ya mapasa, sasa wasichana wakubwa wa masomo. Fundi alisema hawajawahi kufanyiwa sikukuu ya kuzaliwa katika nyumba hii. Wao wanafikiri babu hapendi keki.

Kisha akaniambia kwamba amemaliza. Miaka kumi na mbili ya kutafuta imekwisha, amepata sababu ya ajali. Ilikuwa grese. Juma lile la ajali grese ya kawaida ilikuwa imekosekana, na yeye alikuwa amepaka ingine kwenye vyuma vya midomo, nzito kidogo. Ameijaribu hapa kwenye kilima, wakati wa baridi: midomo inachelewa pumuzi mbili.

“Pumuzi mbili,” alisema. “Piloti njo alikufa mu zile pumuzi mbili. Ni mukono yangu. Donc samedi, Jumamosi hii, ninaenda Beni. Nitamuambia mama yake, uso kwa uso. Anakulaka maharagwe yangu bila kujua ni ya nani. Haifai.”

Niliona mama yule, ambaye sijawahi kumuona, akimusikiliza mutu huyu. Niliona Fundi akirudi kutoka Beni na kitu ambacho si chake, amekibeba mupaka kaburi. Nikafanya kile ninachojua: nikaanza kupatana.

“Fundi, ile siku ilikuwa saa sita, jua kali. Grese ilikuwa laini.”

“Hewa ya juu ni baridi.”

“Hakufika juu.”

“Njo maana nimeandika nusu pumuzi ya kosa.”

“Basi sema ni ile kartoni. Ile matabisi yangu. Mutu ataelewa.”

“Kartoni moja, mbele,” alisema. “Ile haiue ndege. Nimeihesabu kwanza, kabla ya vyote. Miaka miwili nilikuwa juu ya ile kartoni tu.” Akafungua sanduku, akatoa kaye ya shule, daftari kubwa ya miraba, akanisukumia. “Weye unahesabuka mara mbili. Sijapata mutu wa kuniangalilia. Angalia kama kuko kitu nimesahau, kabla sijaenda kumuambia mama ya mutu uongo.”

Ndani kulikuwa kila gunia la siku ile. Jina la mwenyewe, kilo, fasi yake ndani ya ndege, na mistari miwili midogo pembeni. Ukurasa baada ya ukurasa, hesabu ile ile, imefanywa upya kwa kalamu tofauti. Na chini ya kila ukurasa: matabisi, 25, mbele. Mustari mumoja.

Nilihesabu mara moja. Nikahesabu mara ya pili, ili kuvuta wakati. Chai ilikuwa imepoa.

“Haikuwa mbele,” nilisema.

Alivuta kaye upande wake. “Ilikuwa fasi gani?”

“Ku mukia. Karibu na mulango.”

Alichukua kalamu, akafuta mbele, akaandika mukia. “Moja?”

“Kumi na moja.”

Nilimupa majina. Sabuni ya huyu, mafuta ya yule, kartoni ya bia, gunia la nusu la chumvi. Kila moja niliikumbuka. Sijasahau hata moja kwa miaka kumi na mbili. Aliandika zote moja moja, aliniuliza kilo za kila moja, mara mbili alinikatiza: “Ile ya mafuta si makumi mbili, ni makumi mbili na mbili, bidoni pia iko na uzito.” Kisha alipiga hesabu. Mia mbili na sabini na saba, zote kwenye mukia. Alizungushia duara. Akabaki anaiangalia namba ile kama mutu anayetazama ndugu aliyepotea na kurudi bila kupiga hodi.

Nilingoja matusi. Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi. Nilikuwa hata na bei yangu ya mwisho.

Fundi alisimama, akatoka inje, akaenda mpaka kwenye bawa. Akasukuma mudomo kwa kidole, ukaingia. Akaachilia. Ukatoka polepole, bila sauti.

“Donc grese ilikuwa muzuri,” alisema.

Alikaa kwenye chukudu. Alilia kidogo, kwa aibu, uso ukiwa upande wa kilima. Nilisema maneno ambayo watu wanasema. Nilisema kwamba sasa hana sababu ya kwenda Beni, kwamba jina lake limepona, kwamba mimi nitazunguka mutaa mzima nikisema. Aliniangalia kama aliyeona gunia lenye mustari mumoja.

“Nitaenda,” alisema. “Miye njo nilifungua mulango. Ningesema hapana ku ile ya kwanza, zile kumi hazingeingia. Ile ni yangu, kilo makumi mbili na tano. Nitamupelekea zangu. Mais siwezi kumupelekea zangu tu na kumuambia ni zote. Yule mama anapashwa kupata hesabu yote.” Akajipangusa uso. “Weye, utakuya?”

Nilisema nitakuja. Ni patano fupi kuliko yote niliyofanya.

“Na bengine?”

Kwa hiyo ninaandika, na sasa nitageuka kwa wale kumi. Mutajijua. Kaye iko na majina yenu, kilo zenu, na bidoni ya yule wa mafuta. Wengine muko na magazini, maduka ya ghorofa. Mumoja ni shemasi, anakaa benchi ya mbele, na siku zile alisema kwa sauti kubwa kuliko wote kwamba Fundi hakukaza buloni. Mumoja alikufa, muke wake bado anauza chumvi pale pale, na sitamuomba kubeba gunia la marehemu. Donc munabaki kenda. Mimi ni wa kumi. Pamoja na Fundi, kumi na moja. Nimehesabu mara mbili, na imerudi namba ile ile.

Samedi ni keshokutwa. Njia ya Beni munaijua ilivyo siku hizi. Tutatoka kukipambazuka na tutarudi kabla ya jua kushuka, Mungu akipenda. Dereva ni mutu wetu, gari ni bus ndogo. Ameuliza tu anishikie nafasi ngapi, na anataka jibu kesho kabla ya saa sita, kwani hatapandisha mutu wa ziada pale njiani. Fundi amekwisha kumuambia hakuna matabisi.

Munishauri. Nishike mbili, ao kumi na moja?